Nani Atakaa Katikati? Ardhi ya Chai, Watu wa Talai na Upatanishi Unaosubiriwa



Nimeombwa nizungumze juu ya upatanishi wa kidiplomasia pale watu wanapodai ardhi yao na haki ya kujiamulia mambo yao. Kwa kawaida mada hii huzungumzwa katika hoteli za Nairobi, Addis Ababa na Geneva, na mifano hutafutwa mbali: Sahara Magharibi, Palestina, Timor Mashariki. Mimi nitaizungumza kwa mfano wa hapa Kericho na Bomet, kwa sababu mgogoro wa aina hiyo tunao, umepita umri wa mzee yeyote aliyeketi ukumbini, na mmoja wa wahusika wake ni dola la kigeni. Kauli yangu naitoa mapema ili kila mtu aipime. Madai ya Wakipsigis na ya ukoo wa Talai yamepata tume, mawakili, magavana na hata wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Kitu ambacho hayajapata ni mpatanishi. Na Kenya, iliyowakalisha Wasudani meza moja mpaka wakatia saini, haijawatafutia watu wa milima hii meza ya namna hiyo.

Kuna hofu moja ningependa kuiondoa. Haki ya kujiamulia ikitajwa, wapo wanaosikia kujitenga. Hakuna anayedai Kericho iwe jamhuri. Azimio namba 1514 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1960 lilifungua njia ya uhuru wa makoloni, lakini haki yenyewe haikuishia siku bendera zilipopandishwa. Mikataba miwili mikuu ya haki za binadamu ya 1966 inaanza na kifungu kimoja kinachofanana, na ndani yake imeandikwa kwamba watu hawawezi kwa hali yoyote kunyimwa njia zao wenyewe za kujipatia riziki. Hilo ndilo linalozungumzwa kwenye vijiji vinavyopakana na mashamba ya chai. Nani anaamua ardhi hii itumike vipi? Kodi yake inakwenda wapi? Kaburi la babu yangu lililo katikati ya michai ya kampuni nitalitembelea kwa ruhusa ya nani? Ni maswali ya watu walio ndani ya Kenya na wanaotaka kubaki ndani ya Kenya.

Sasa twende 1905, kwa sababu asiyejua yaliyotokea mwaka huo hataelewa kwa nini watu wa huku hawaiamini haraka meza ya mazungumzo.

Wanandi walikuwa wamewapinga Waingereza kwa takriban miaka kumi, reli ikikatiza nchi yao. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya kusimamisha vita. Alipigwa risasi pale pale, pamoja na watu wa msafara wake. Jeshi lilimchunguza Meinertzhagen likamwondolea lawama. Fimbo za Koitalel zilirudishwa Kenya mwaka 2006. Fuvu lake bado linatafutwa.

Koitalel alikuwa Talai, ukoo ulio miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis pia. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa 1923 na akakaa kizuizini hadi 1964. Uhuru ulikuja Desemba 1963 ukamkuta bado amefungiwa. Mpatanishi yeyote atakayekuja Kericho na kuanza na hotuba tamu ya kuaminiana bila kuzitaja tarehe hizi, wazee watamsikiliza kwa heshima, kisha watakwenda nyumbani.

Juu ya ardhi yenyewe sitakaa sana, maana hapa kila familia ina simulizi yake. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliwafanya Waafrika kuwa wapangaji wa ardhi yao na kuwapa walowezi hati za miaka 999. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani waligawiwa ekari 25,000 hapa Kericho wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja Brooke Bond na kampuni ya James Finlay, na chai ikaanza. Mchai hudumu zaidi ya miaka mia moja ukitunzwa. Ukitazama kwa karibu shina la mchai mkongwe, nene kama goti la mtu na limepindapinda kwa kukatwa miaka nenda miaka rudi, unatazama mti uliopandwa wakati waliofukuzwa bado walikuwa hai. Juu yake huchipua yale yale majani mawili na chipukizi yanayochunwa kila baada ya wiki moja au mbili.

Kwa Talai lazima nikae kidogo.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo mmoja. Someni tena sentensi hiyo mkiipata kwenye karatasi. Sheria ile haikumtafuta mwizi wala muuaji. Mtoto mchanga wa Talai alikuwa ameshahukumiwa siku aliyozaliwa, na bibi kizee vilevile, kwa sababu utawala uliogopa nguvu ya Orkoiyot juu ya vijana. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Watu wa milima yenye baridi na ukungu walitupwa kwenye joto, mbung'o na malaria. Ng'ombe walikufa. Watoto walikufa. Waliobaki waliruhusiwa kurudi karibu na uhuru, mnamo 1962, wakakuta ardhi yao ina chai au ina wenyewe wengine. Wapo ambao hadi leo wanaishi kama maskwota katika nchi ya babu zao.

Na hapa kuna jambo ambalo wanasiasa wetu hulipita kwa haraka. Talai walirudi kwa majirani Wakipsigis ambao miongoni mwao wapo waliowaogopa, waliowatenga, waliosita hata kuwaoza binti zao. Kwa hiyo anayesema "madai ya jamii" kwa umoja anafunika migogoro miwili. Upo ule wa watu wa huku na Uingereza pamoja na makampuni, na upo ule wa ndani, wa nani atahesabiwa kuwa mwenyewe siku ardhi au fidia itakapopatikana. Mwamba ngoma huvutia kwake. Bila mtu wa katikati, mgogoro wa kwanza ukiisha, wa pili utawaka.

Huwa tunasahau kwamba mlango wa kisheria tulio nao leo ulifunguliwa na upatanishi. Mwanzoni mwa 2008 Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa walikaa Nairobi siku 41 mpaka Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia saini, tarehe 28 Februari, makubaliano ya kumaliza vurugu za baada ya uchaguzi. Ajenda ya nne ya mazungumzo yale iligusa mizizi ya vurugu, na ardhi ilikuwa mbele. Kutoka hapo ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ikaja Katiba ya 2010, na ndani ya Katiba kikaja Kifungu cha 67 kinachoipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kifungu cha 65 kikapunguza hati za wageni kutoka miaka 999 hadi 99, zikihesabiwa kuanzia Agosti 2010. Hati hizo zitafika mwisho 2109. Hakuna mtu mzima aliye ukumbini humu atakayeshuhudia mwaka huo.

Tume hiyo ya Ardhi ilisikiliza malalamiko ya Kericho na Bomet, na uamuzi wake ukachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Machi 2019. Ilikubali kwamba dhuluma ilitendeka. Ilipendekeza Uingereza iombe radhi, mashamba ya chai yapimwe upya ili ardhi ya ziada ijulikane, na hati zisiongezwe muda bila kaunti kukubali. Makampuni yakaenda mahakamani kuupinga. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu waliiandikia serikali ya Uingereza wakieleza wasiwasi wao mkubwa. Agosti 2022 walalamikaji wakafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja Nairobi, akazungumza juu ya majuto makubwa kwa ukatili wa enzi za ukoloni. Radhi hakuomba.

Sizidharau mahakama. Wazee wa Mau Mau, waliodai fidia kwa mateso ya enzi za ukoloni, wasingelipwa bila mahakama kuu ya London kukubali, 2011 na 2012, kwamba kesi yao inaweza kusikilizwa. Lakini angalieni ilivyoishia: Juni 2013 pande mbili zilikubaliana nje ya mahakama, wazee 5,228, pauni milioni 19.9, taarifa ya majuto bungeni, na mnara wa kumbukumbu katika bustani ya Uhuru. Kesi ilifungua mlango, mazungumzo yakaingia ndani. Mahakama pia inaweza kufunga mlango. Watu 218, wafanyakazi na jamaa zao, walioshambuliwa katika shamba la Unilever hapa Kericho wakati wa ghasia za 2007 na 2008, walikwenda London kuishtaki kampuni mama. Mahakama ya Rufaa ikakataa mwaka 2018. Waliumia hapa, wakapoteza ndugu hapa, na mpaka sasa hakuna meza iliyowaweka na majirani zao wazungumze.

Nchi yetu inaijua kazi hii. Mwaka 2001 Rais Moi alimteua Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, mtoto wa Elgeyo-Marakwet, kuongoza upatanishi wa IGAD, jumuiya ya nchi za kanda yetu, kwa Sudan. Vita vya kusini vilikuwa vimepamba moto tangu 1983. IGAD ilikuwa na waraka wa misingi wa mwaka 1994 ulioitaja haki ya watu wa kusini kujiamulia, na Khartoum ilikuwa imeukwepa kwa miaka. Tarehe 20 Julai 2002, Machakos, pande zote mbili zilikubali kwamba kusini itapiga kura baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita.

Ilifanyikaje? Upande wa kusini ulitaka kura, upande wa Khartoum ulitaka sharia ibaki kaskazini. Wapatanishi hawakuwaacha wakabidhiane hati mbili za kupingana. Waliandika andiko moja, kila upande ukasahihisha kwenye andiko lile lile, wataalamu kama Nicholas Haysom wa Afrika Kusini na Julian Hottinger wa Uswisi wakisaidia kuweka maneno sawa. Mwaka uliofuata, Nakuru, saa moja na nusu hivi kwa barabara kutoka Kericho, wapatanishi walijaribu kuandika suluhu yote kwa mkono wao. Khartoum ikaikataa kwa hasira, na mchakato mzima karibu uvunjike. Hapo nadhani ndipo ukomavu ulipoonekana. Badala ya kung'ang'ania hati yao, wapatanishi walirudi nyuma hatua moja. Septemba 2003 John Garang wa upande wa kusini na Ali Osman Taha wa Khartoum walikutana Naivasha, wakazungumza wao kwa wao, mara nyingi wenyewe tu chumbani, na mpatanishi akabaki mlangoni. Mkataba kamili ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Kura ikapigwa Januari 2011, na Sudan Kusini ikawa huru tarehe 9 Julai mwaka huo.

Yaliyofuata kule yanaumiza, na sitayaficha. Mkataba uliotiwa saini na watu wawili uliwaacha wengine wengi nje, na miaka miwili baada ya uhuru Wasudani Kusini walikuwa wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Na Abyei! Eneo hilo la mpakani kati ya kaskazini na kusini liliahidiwa kura yake ya pekee, lakini watu hawakuelewana ni nani mkazi. Wadinka Ngok wanaoishi pale mwaka mzima? Au na Wamisseriya wanaoleta mifugo yao kwa msimu? Mwaka 2009 mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilichora mipaka, na kura iliyoahidiwa bado haijafanyika. Ramani ilipatikana, ila watu hawakukubaliana nani anahesabiwa. Nikisoma habari za Abyei nakumbuka lile swali la Talai, na nakumbuka pia Wakisii, Waluo na Waluhya waliozaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi za mashamba ya chai, ambao baba zao walichuna majani hapa miaka arobaini na hawana kwingine wanakokujua.

Mfano mwingine unaigusa Uingereza moja kwa moja. Kati ya 1968 na 1973 iliwaondoa wakazi wote wa visiwa vya Chagos, katika Bahari hii yetu ya Hindi, ili kupisha kambi ya kijeshi ya Marekani huko Diego Garcia. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utawala wa Uingereza visiwani ni kinyume cha sheria, na miezi mitatu baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. London iliyokuwa imekataa mazungumzo kwa miaka ikaanza kuzungumza na Mauritius, nchi iliyokuwa ikividai visiwa hivyo, mwishoni mwa 2022, na mkataba ukatiwa saini Mei 2025. Lakini waliofukuzwa wenyewe, watu wa Chagos, hawakuwa na kiti. Wengi wao walilalamika kwamba serikali mbili zimegawana nchi yao huku wao wakitazama. Hicho ndicho ninachokiogopa kwa Kericho: siku moja Nairobi na London zikubaliane jioni moja, jengo lijengwe, utepe ukatwe, na bibi wa Talai asikie habari hiyo redioni.

Kwa hiyo meza ninayoizungumzia iwe ya namna gani?

Mpatanishi akubaliwe na pande zote. Serikali ya Kenya haiwezi kuwa mpatanishi yenyewe, kwa kuwa ni mhusika: ndiyo inayopokea kodi ya ardhi, ndiyo iliyozikubali hati za kikoloni mwaka 1963. Kazi yake ni kuidai meza na kuilinda. Umoja wa Afrika una wazee wenye heshima wa kukalia kiti hicho. Talai wakae kama Talai, wakiwa na wawakilishi wao waliowachagua wenyewe, wanawake wakiwemo, kwa maana Gwassi waliozika watoto walikuwa akina mama. Wafanyakazi wawe na kiti. Magavana wa kaunti zote mbili wawepo, na wasiwe peke yao.

Makampuni nayo yaje, hata kama yamebadilika majina. Unilever iliuza biashara yake ya chai 2022. Finlays ikauza mashamba yake kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na 2024 Lipton, iliyorithi mashamba ya Unilever, nayo ikatangaza kuiuzia Browns mashamba yake. Kila mauzo yanamweka mhusika wa zamani mbali zaidi, na mpya anasema dhuluma hakuifanya yeye. Ni kweli hakuifanya. Lakini hati anayoishika ilitoka kwenye dhuluma hiyo, na Mei 2023 vijana walipochoma mashine za kuchuna chai waliona wazi kwamba hata ile kazi ya kapu mgongoni inaondoka. Ardhi imekwenda, sasa na ajira inakwenda. Mwekezaji mwenye busara hawezi kutaka kuingia miaka thelathini ijayo akiwa na majirani wa namna hiyo.

Mambo ya kwanza mezani yawe yale yanayowezekana upesi. Kumbukumbu za Gwassi zilizoko Uingereza zifunguliwe na nakala ziletwe Kericho. Makaburi na mahali patakatifu ndani ya mashamba yaorodheshwe na njia za kufika huko ziachwe wazi. Taarifa ya serikali ya Uingereza isomwe hapa, mbele ya walioathiriwa. Ardhi ya ziada na kodi zifuate, kwa andiko moja, kama Machakos, ambalo kila upande unalisahihisha hadharani. Najua London inaogopa kwamba kukaa kitako ni kukiri deni. Inaweza kuandikwa tangu mwanzo kwamba kushiriki hakumaanishi kukiri, na hapo udhuru huo utakuwa umekwisha.

Wakipsigis wana kokwet. Wazee hukaa nyasini karibu na nyumba za wanaogombana, kila mmoja huzungumza mpaka amalize, na jambo haliamuliwi kwa kuhesabu mikono. Hukaa mpaka wakubaliane, hata ikibidi kurudi kesho. Mpatanishi atakayekuja hapa ajifunze kwanza subira hiyo, kisha atuletee ya kwake.

Ombi langu ni kwa magavana wawili, maseneta wawili na wabunge wote wa kaunti hizi, wa chama chochote. Andikeni barua moja, mtie saini wote, muiombe Wizara ya Mambo ya Nje iitake Uingereza ikubali mpatanishi. Iandikeni mwaka huu. Waliozaliwa Gwassi wengi wamevuka miaka sabini, na ushahidi wao hauwezi kutolewa na mtu mwingine.